Kikao Nilichokiona kwa Mbali

Nianze na lile baya kabisa ili tulimalize: nilikalia sketi ya mama mmoja wa Kibarbaig. Si kwamba alikuwa ameivaa. Ilikuwa imekunjwa juu ya kigoda, nje ya mlango wa nyumba yake, huko Dirma, mchana kweupe. Nikaja na daftari langu na kalamu mbili mfukoni, nikaona ngozi laini iliyopakwa mafuta vizuri, nikasema moyoni, hawa watu wana heshima, wamemtandikia mgeni. Nikakaa. Nikanyoosha na miguu. Halafu nikaomba maji ya kunywa.

Kilichoikamilisha aibu ni kwamba pale mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu. Nilikuwa nimeletwa kama mtu anayejua mila za wale watu, ili nimsaidie msomi wa chuo kikuu asije akawakosea.

Ilikuwa miaka ile mkoa wa Manyara bado mpya. Ofisini ungekuta karatasi za zamani zimeandikwa Arusha juu, karani amekata kwa kalamu na kuandika Manyara pembeni, na muhuri unagongwa juu ya yote mawili. Vyuo vikuu vya watu binafsi navyo vilikuwa vimeanza kuota. Zamani chuo kikuu kilikuwa kitu cha mbali, cha watoto wa watu fulani. Sasa tangazo lake lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa duka la mbegu hapa kwetu Tlawi, katikati ya picha ya mahindi na picha ya dawa ya minyoo ya ng'ombe.

Nililisoma nikiwa na rafiki yangu, fundi baiskeli, tuliyekaa naye dawati moja mpaka darasa la saba. Chuo kilikuwa kinafungua tawi Babati, na kitatoa cheti cha uongozi na ushirikishwaji wa wananchi.

"Uongozi nao unasomewa?" rafiki yangu akauliza.

"Kila kitu kinasomewa siku hizi."

"Basi waliotuongoza mpaka leo walikuwa wanabahatisha."

"Wewe ulikuwa hujui?"

Yeye alicheka akarudi kwenye matairi yake. Mimi nilibaki mlangoni nikasoma mpaka chini, na chini ndiko kulikokuwa na maneno yaliyoniharibia usingizi. Waliandika kwamba hata asiyemaliza kidato cha nne anaweza kuomba, mradi awe amefanya kazi na wananchi, aandike kurasa mbili kuhusu kikao kimoja alichokishuhudia kwa macho yake, na apite kwenye usaili.

Lazima niseme hapa kwamba kidato cha pili nilikiacha katikati, au chenyewe kiliniacha, inategemea unamuuliza nani. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, nina mke na watoto wawili. Kila nilipojaza fomu yoyote, pale wanapouliza kiwango cha elimu nilikuwa naandika kwa herufi ndogo sana, kama mtu anayenong'ona kwenye karatasi. Niliwahi pia kugombea uenyekiti wa kitongoji nikashindwa vibaya. Nilijiambia kwamba ni shule ndiyo iliyoniangusha. Kwa hiyo nilikitaka kile cheti. Nilikitaka kama mtu anavyotaka mvua.

Kazi yangu ilikuwa kununua vitunguu saumu na maharage huku juu Mbulu na kuvipeleka minadani huko chini Hanang. Hapo mnadani ndipo nilipojifunza Kibarbaig. Kilikuwa Kibarbaig cha sokoni: niliweza kusalimia, kupunguza bei na kuomba msamaha. Lakini kwetu Tlawi, ambako sisi Wairaqw wengi tulikuwa hatujui hata hicho, nilionekana kama profesa. Nami sikuwahi kumkatalia mtu.

Basi akaja mwanachuo. Alikuwa dada wa mwaka wa tatu kutoka chuo hicho hicho, mwenyeji wa Moshi. Alikuwa anafanya utafiti kuhusu uongozi na jinsi wananchi wa vijijini wanavyoshiriki kwenye maamuzi. Alitafuta mtu wa kumtembeza Hanang na kumtafsiria, na watu wakanitaja mimi. Tukakubaliana hivi: mimi nitafsiri na kumuongoza njia, yeye anisaidie kujaza fomu, aisome ile insha ya kikao, na aipeleke kwa walimu wake pamoja na maneno mawili mazuri kuhusu mimi.

"Unawafahamu Wabarbaig vizuri?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Dada, wale ni kama ndugu zangu."

Tukashuka na lori la mnada. Ukitoka Tlawi asubuhi umevaa sweta na ukungu umekaa kwenye mashamba, unafika chini huko saa sita unatafuta pa kulitupa hilo sweta. Mwenyeji wetu Dirma alikuwa mzee mmoja mfugaji, mrefu, mpole, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhojiwa.

Dada alikuwa na karatasi za maswali. Mojawapo liliuliza kama akina mama wanashiriki katika vikao vya maamuzi. Nikamtafsiria mzee, maana Kiswahili alikijua lakini mambo ya mila alipenda kuyasema kwa lugha yake. Mzee akajibu, akaendelea kujibu, akaonyesha kwa fimbo upande wa kaskazini, akaonyesha nyumba ya mkewe, akashusha sauti, akamaliza.

"Amesema hapana," nikamnong'oneza dada.

Dada alinitazama. "Ameongea muda wote huo, na wewe unasema hapana tu?"

"Mengine ni mapambo, dada. Hawa wazee wanapenda kupamba."

Akaandika hapana. Siku mbili zilizofuata tulikwenda boma kwa boma, tukahoji wanaume, na kila tulipofika kwenye swali lile watu waliongea sana na mimi nikasema hapana. Kusema kweli sikuwa naelewa. Maneno yalikuwa yanapita juu ya kichwa changu kama ndege, nikawa nakamata moja, lile la mwanzo, ambalo kweli lilikuwa hapana. Na yule dada, masikini, alikuwa na mwandiko mzuri kweli kweli. Hapana zote zile zilikaa kwenye karatasi zimepangika.

Siku ya nne ndipo nilipokaa kwenye sketi.

Tulikuwa tumerudi kwa mzee, lakini mzee alikuwa amekwenda kuangalia ndama. Dada alibaki nyuma kidogo akipanga karatasi zake kivulini. Mke wa mzee alitoka ndani na kibuyu mkononi, akaniona nilivyokaa. Hakupiga kelele. Aliweka kibuyu chini taratibu, akanitazama, akatazama nilichokalia, akaondoka kwa miguu kuelekea boma la jirani.

Dada alipofika nikamwambia, "Mama wa watu amekwenda kututafutia maziwa."

Baadaye kidogo nikasikia sauti ya mwanamke ikiita kutoka boma la jirani, ndefu, na nyingine ikaitikia mbali zaidi, na nyingine mbali kabisa. Nikasema, duh, maziwa mangapi hayo.

Aliyetangulia kufika alikuwa mzee, anakuja mbio, na mimi sikuwahi kumwona akikimbia.

"Shikamoo, mzee."

"Simama."

"Marahaba hujaniitikia, mzee."

"Simama kwanza, kijana. Umekalia nini?"

"Ngozi ya mgeni."

"Hiyo si ngozi ya mgeni. Hiyo ni sketi ya mke wangu. Mimi niliyemuoa siigusi."

Nikasimama. Ndipo nilipoiona vizuri: nyuzi za ngozi zilizokatwa nyembamba nyembamba zikining'inia, shanga zilizoshonwa pindoni. Nilikuwa nimewaona akina mama wakivaa sketi hizo mnadani miaka yote. Sikuwahi kuiona ikiwa imekunjwa, na sikuwahi kumuuliza mtu kitu chochote juu yake. Mzee akanieleza kwa Kiswahili, polepole, kama anamweleza mtoto, kwamba sketi ile ni heshima ya mwanamke aliyeolewa, wanaume hawaishiki wala kuichezea, na mwanaume akiikosea, wanaomhukumu si wanaume.

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Sisi? Hatufanyi kitu. Imeshatoka mikononi mwetu. Akina mama watakaa kikao."

"Basi twende kwa mwenyekiti wa kijiji."

"Mwenyekiti naye ni mwanaume."

"Nikiondoka tu je? Nikarudi zangu Mbulu?"

"Watakaa hata kama haupo. Wakikusemea vibaya, ng'ombe wako hawazai."

Nikacheka kidogo. "Mimi sina ng'ombe, mzee."

"Basi watoto wako watadhoofika," akasema, na hakuwa ananitishia. Alisema kwa huruma. Nikaacha kucheka.

Dada alikuwa amesikia yote. Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi za maswali, akafunua moja moja. "Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "hapa kwenye vikao vya akina mama tumeandika hapana mara ngapi?"

"Mara zote."

"Mzee, samahani," akamgeukia mwenyeji wetu. "Siku ile ya kwanza ulinijibu nini kuhusu akina mama?"

"Nilisema hapana, kwenye mkutano wa kijiji hawaongei. Wana kikao chao. Kinakaa upande ule," akanyoosha fimbo kaskazini, "na kikikaa, sisi tunaogopa. Nilimwambia huyu yote."

Mwanachuo akazirudisha karatasi mkobani, moja moja. Ningependa angenitukana.

Wakakaa kesho yake. Tangu asubuhi walikuwa wanafika, wengine kutoka huko Gehandu, wametembea, kila mmoja na fimbo yake. Wengi walivaa sketi za ngozi, wachache walivaa kitenge na rozari shingoni. Wanaume wa pale wote walikumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe waliopotea. Nikabaki na mzee, tukaambiwa tukae chini ya mti mmoja wa mgunga, mbali, na tusisogee mpaka niitwe.

Mama mmoja mzee sana, ambaye wenzake walikuwa wanampisha njia, alikuja akamshika dada mkono. Akasema kitu. Mzee akanitafsiria: "Anasema huyu ni mwanamke, aje akae nao."

"Lakini hajui lugha," nikasema. "Atahitaji mkalimani. Niende naye?"

Mzee alitafsiri. Yule bibi alinitazama kuanzia viatu kupanda juu, na mzee mwenyewe akaanza kutetemeka mabega kwa kucheka. "Mshtakiwa anataka kuwa mkalimani," akasema.

Wakampa dada mama mmoja kijana aliyemaliza darasa la saba, amtafsirie sikioni. Wakaenda. Nikabaki chini ya mgunga na mtu mwenye kuogopa kuliko mimi.

Umbali ulikuwa kama wa kutoka nyumbani kwako mpaka kisimani. Unaona watu, unaona mikono, husikii neno. Nami ni mtu ambaye siwezi kukaa bila kujua kinachosemwa, hata kama hakinihusu, na hiki kilinihusu mpaka utosini.

"Wanasema nini sasa, mzee?"

"Sijui."

"Lakini umeishi hapa maisha yako yote."

"Nimeishi hapa. Pale sijafika."

"Hujawahi kumuuliza mkeo?"

"Nilimuuliza mara moja, nilipokuwa kijana."

"Akasemaje?"

"Alinipa maziwa, nikanywa."

Nikawa sina la kufanya isipokuwa kuangalia. Na nilipoangalia, nikaanza kuona. Walikuwa wamekaa duara, hakuna meza, hakuna mbele wala nyuma. Kwenye mikutano yetu ya kijiji viongozi wanakaa kwenye viti mbele, wanaume wawili wale wale wanaongea kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sisi wa nyuma tunaongea habari za mpira. Hapa aliyesimama ndiye aliyeongea, na wengine wote walikuwa kimya, hata watoto mgongoni walikuwa kama wamekatazwa. Mke wa mzee, mwenye sketi, alisimama mara moja tu. Akasema maneno machache, akakaa, na hakusimama tena mpaka mwisho. Nilishangaa. Mimi ningekuwa nimekosewa ningesimama mara kumi.

Kisha akasimama binti mdogo tu, labda ameolewa mwaka ule, ana mtoto mchanga. Nikajua huyu ataambiwa akae. Lakini wale bibi waliinama mbele, mmoja akaweka kiganja nyuma ya sikio, wakamsikiliza mpaka akamaliza. Yule bibi mzee sana aliongea wa mwisho kabisa, na aliongea akiwa amekaa. Jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa mgunga nilipoitwa.

Niliambiwa nikae chini, kwenye vumbi, nisikalie kitu. Yule bibi aliniambia kwa Kiswahili kidogo alichokuwa nacho, na yule mama wa darasa la saba akamalizia. Nitaleta dumu la asali. Nitalibeba mwenyewe kutoka kwetu, kwa miguu, bila baiskeli wala gari. Na sasa hivi, mbele yao, niseme nilichofanya.

Nikakohoa. "Mama zangu," nikasema, "haya makalio mnayoyaona yamelelewa Mbulu, hayakupata malezi ya kutosha."

Yule mama akatafsiri. Hakuna aliyecheka. Bibi akasema neno moja.

"Anza upya."

Nikaanza upya. Nikasema nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, na ngozi yenyewe ilikuwa laini kiasi kwamba hata mkuu wa mkoa angekaa.

"Anza upya."

Nilitafuta kichekesho kingine, mara hii sikukipata. Hicho ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote vilivyonipata siku ile. Nikatazama chini. "Nilikaa kwenye sketi ya mama huyu," nikasema. "Sikuuliza."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akasimama kwa fimbo yake, na wote wakasimama. Ikawa imekwisha.

Njiani tukirudi kutafuta lori, nilimsumbua dada mpaka akachoka.

"Walisema nini?"

"Nimeahidi sitasema wala sitaandika. Wamenipa ruhusa ya kuandika kwamba kikao kipo na kinaweza kumtoza mtu. Basi."

"Hata kidogo? Yule binti mwenye mtoto alisema nini?"

"Kaka."

"Kuna aliyenitetea?"

"Kaka, tembea."

"Wewe utaandika nini sasa? Umesikia yote, na huwezi kuyatumia."

"Nitaandika nilichoruhusiwa. Halafu nitarudia mahojiano yote, na mkalimani mwingine." Akatembea hatua chache. "Usijisikie vibaya sana. Kidogo tu."

Nilirudi Tlawi, nikapata asali kwa mjomba wangu mwenye mizinga, nikashuka tena na dumu begani. Siku mbili, nikilala njiani kwa ndugu. Kila aliyenikuta alisimamisha baiskeli akanionea huruma, akataka kunibebea, na kila mara nilikataa bila kueleza, mpaka watu wakaanza kusema nimeokoka. Nilipofika, mke wa mzee alipokea dumu kwa mikono miwili. Nikaona hapo ndipo pa kuuliza. Nikasema, mama, samahani, siku ile mliongea nini? Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa, akanipa. Nikanywa.

Sasa ikabaki insha ya kurasa mbili kuhusu kikao. Hapo nilikuwa nimeshika dhahabu: nani mwingine katika waombaji wote alikuwa amehukumiwa na kikao? Nikaandika usiku na mchana. Nikampa yule binti mwenye mtoto hotuba nzima. Nikamfanya bibi mmoja asimame na kusema, "Akina mama wenzangu, kijana huyu amekosea, lakini mtazameni, ana uso wa kiongozi." Zilijaa kurasa tatu.

Nikampelekea dada Babati, alikokuwa anamalizia kazi zake. Alisoma akicheka, na mimi nikacheka kwa sababu anacheka. Alipofika kwenye uso wa kiongozi akaacha kucheka.

"Nani alisema hivi?"

"Nilikisia."

"Mimi nilikuwa pale."

"Basi niambie walisema nini, nirekebishe."

"Kaka, wewe ulikuwa umbali gani?"

"Kama kutoka hapa mpaka kisimani."

"Basi andika kutoka kisimani," akasema, akanirudishia karatasi zangu.

Nilikasirika, nisidanganye. Nilijua kwamba nikiandika nilichoona tu, itakuwa insha ya kikao kisichokuwa na maneno, na tangazo lilitaka mtu anayejua vikao. Nilijua pia kwamba hotuba zangu zilikuwa nzuri na walimu hawangejua. Nikakaa nazo nyumbani. Mke wangu akaniuliza kwa nini nimenuna, nikamsomea hotuba ya yule binti. Akasema, "Anaongea kama wewe." Hakusema zaidi, akaendelea kuchambua maharage.

Nikaandika upya. Niliandika nani alisimama, nani alikaa, nani aliinama kusikiliza, jua lilivyohama, mwenye sketi alivyosimama mara moja tu. Niliandika niliambiwa nini mimi, na nilijibu nini mara tatu. Pale katikati niliandika: hapa waliongea muda mrefu, sikusikia, na baadaye nilipouliza sikuambiwa. Ikawa ukurasa mmoja na nusu. Nilijaribu kupanua mwandiko ifike miwili, ikakataa.

Usaili ulifanyika Babati, mbele ya walimu wawili, mama na baba, na karatasi yangu mezani. Nilikuwa nimekariri maana ya uongozi kutoka kwenye kipeperushi chao, na nilipokaa tu ikatoka yote kichwani.

"Insha yako imepungua," akasema yule baba.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hapa katikati, penyewe hasa, huelezi walichosema."

"Sikusikia, mwalimu."

"Ungeweza kuuliza."

"Niliuliza. Nilipewa maziwa."

Yule mama alificha mdomo na kiganja. Mwenzake aliendelea kunitazama. "Kwa hiyo umejifunza nini kuhusu uongozi?"

Nikatafuta ile maana niliyokariri. Haikurudi. "Bado sijui, mwalimu. Nilifikiri ni kuongea. Sasa nataka kujua wale waliofanya duara lote linyamaze walifanyaje, kwa sababu sikuona mtu yeyote akiamuru. Niliangalia tangu asubuhi, sikumwona."

Yule mama akaandika kitu. Yule baba akaniambia naweza kwenda. Nikatoka nikiamini nimeanguka. Nikapanda kurudi Mbulu nikijiandaa jinsi ya kuwachekesha watu kwa habari hiyo, maana ndiyo njia yangu.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa, kupitia duka la mbegu. Nilikuwa nimepokelewa, kwa sharti kwamba nisome pia Kiingereza cha kidato cha pili, kile kile tulichoachana nacho. Nilisoma barua nikiwa nimesimama, nikairudia, nikamwomba mwenye duka naye aisome, kwa sababu mimi kwa kutafsiri sina sifa nzuri.

Kisha nikaenda kwa rafiki yangu fundi baiskeli. Nilimpa barua na nakala ya insha. Barua aliitazama juu juu tu. Insha aliichukua, akafuta mikono kwenye suruali, akakaa juu ya tairi na kuisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka mwisho. Nami nilikaa pembeni nikisubiri anitanie. Aliikunja vizuri akanirudishia.

"Nakujua tangu tuko wadogo," akasema, "na hii ndiyo mara ya kwanza nakaa na wewe mpaka mwisho bila wewe kunikatiza. Nimekuelewa vizuri sana."